Tumkumbuke Dakta Stirling pamoja na wanafunzi wake

Tarehe 7 Februari, 2003, akiwa na umri wa miaka 97, alifariki dunia Dakta Leader Dominic Stirling, mpasuaji, mwalimu wa wauguzi, mbunge na Waziri wa Afya wa zamani wa Tanzania. Mwaka huohuo, mwezi wa Agosti, lilifunguliwa lile daraja la Mto Rufiji linaloitwa kwa jina la Rais Benjamin Mkapa, ambaye naye alikuwa mzaliwa wa Masasi. Tumeyataja mambo haya mawili pamoja kwa makusudi. Kabla ya daraja lile, sisi watu wa kusini tulizoea kila masika kukatwa na nchi yetu wenyewe, tukawa kama watu wa kisiwani ingawa tumezungukwa na ardhi. Miaka yote ambayo marehemu aliifanya kazi ya udaktari huku kwetu ilikuwa ni miaka ya kukatwa huko. Asiyeikumbuka hali hiyo hawezi kuipima kazi yake kwa haki.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Dakta Stirling msemo huu ulitimia kwa maana yake ya wazi kabisa, kwani mgeni alikuja na wenyeji wakapona. Lakini kila tunapoutumia msemo huo katika kumkumbuka, tunaona kwamba unatuficha jambo moja kubwa. Unamfanya mwenyeji kuwa mtu wa kulala kitandani tu, akingoja kuponywa. Ukweli wa hospitali za Lulindi na Mnero haukuwa huo. Pale mwenyeji alikuwa kitandani, na mwenyeji mwingine alikuwa amesimama kando ya kitanda, ameshika mkono wa mgonjwa, anahesabu mapigo ya moyo. Huyo wa pili ndiye ambaye leo tunaona anakaribia kusahauliwa.

Tuanze na njia. Msomaji aliyeko Msimbati, karibu na pale ambapo Mto Ruvuma unajimwaga katika Bahari ya Hindi, akitaka kwenda Lulindi kwa kuufuata mto, ataelekea magharibi, akiwa na uwanda wa juu wa Makonde mkono wake wa kulia na nchi ya Msumbiji mkono wake wa kushoto. Ataipita Newala iliyokaa juu ya ukingo wa uwanda huo kama mtu aliyekaa barazani, kisha atashuka katika nchi ya Masasi, penye majabali makubwa yaliyosimama pweke na mashamba ya mihogo na mikorosho. Nchi hii ni ya Wamakua, Wayao na Wamakonde, watu ambao ndugu zao wengi wako ng'ambo ya mto. Nao mto wenyewe ulichorwa kuwa mpaka na Wazungu waliokuwa mbali sana na ukingo wake.

Huko ndiko alikofika Dakta Stirling mwaka 1935. Alizaliwa Uingereza tarehe 19 Januari, 1906, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha London, akajiunga na ile misheni ya Waanglikana iliyojulikana kwa kifupi cha UMCA, ambayo ilikuwa imekwisha kuwa Masasi tangu mwaka 1876, ilipowapeleka huko watu waliokombolewa katika utumwa. Lulindi hakukuta hospitali ya matofali. Majumba ya hospital­i yake yalikuwa ya miti, udongo na nyasi, kama nyumba za wanakijiji waliokuja kutibiwa humo. Katika majumba hayo alipasua watu.

Wapo watakaosoma maneno haya wakashtuka. Tunawaomba wasiharakishe. Ukuta wa udongo haumuui mgonjwa. Kinachomuua ni kisu kisichochemshwa na mikono isiyooshwa. Kama chombo kimechemka kwa muda wa kutosha, na kama anayekishika ameelewa kwa nini kimechemshwa, basi upasuaji waweza kufanyika chini ya paa la nyasi. Kama hakuelewa, hata jumba la marumaru halitamsaidia. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza daktari wa porini analazimika kuwa mwalimu, apende asipende. Hawezi kuchemsha vyombo, kupokea wagonjwa, kuosha madonda, kumlaza mzazi, na kupasua, yote kwa mikono yake miwili.

Tuchukue mfano mmoja, nao ni wa ngiri. Ugonjwa huu unajulikana sana katika pwani yetu na bara yake, na mtu aweza kuishi nao miaka mingi huku akilima. Siku moja, labda baada ya kuinua mzigo, utumbo unatoka katika upenyo wake na kunaswa. Damu haipiti tena. Mgonjwa anatapika na tumbo linajaa. Kuanzia hapo anahesabiwa saa, wala si siku. Asipopasuliwa mapema utumbo unaoza ndani yake, na mwisho wake ni kifo. Sasa fikirini mtu huyo yuko katika kijiji kilicho umbali wa mwendo wa siku nzima kutoka hospitali, na njia ni ya kubebwa kwa machela mabegani mwa ndugu zake. Mpasuaji hodari kuliko wote duniani hana faida kwake, isipokuwa kama kijijini pale, au katika zahanati ya jirani, yupo mtu anayeweza kulitazama tumbo lile na kusema: huyu asingoje kesho. Kusema maneno hayo matatu kunahitaji elimu. Aliyeyasema alikuwa dresa, kijana wa palepale, aliyefundishwa kutofautisha uvimbe unaorudi ukibonyezwa na ule usiorudi.

Na tuingie katika chumba chenyewe cha kupasulia. Katika enzi hizo, mahali pasipo na mitambo, dawa ya usingizi iliyotumika sana ilikuwa ni etha, ikidondoshwa tone kwa tone juu ya kitambaa kilichofunika pua na mdomo wa mgonjwa. Yakiwa machache, mgonjwa anaamka kisu kikiwa ndani. Yakizidi, pumzi inakatika. Mpasuaji aliyeinamia jeraha hawezi kuuangalia uso wa mgonjwa kwa wakati huohuo. Macho yake yako tumboni. Uhai wa mgonjwa umo katika mkono wa yule aliyekaa kichwani, anayesikiliza pumzi, anayetazama mboni ya jicho na rangi ya midomo, na kuamua mwenyewe lini adondoshe na lini azuie. Katika hospitali kubwa za Ulaya hiyo ilikuwa ni kazi ya daktari mwenzake. Katika hospitali ya porini ilikuwa ni kazi ya mwanafunzi.

Hapo ndipo tunapoona maana ya ualimu wa namna hii. Ni rahisi mwalimu kusimama mbele ya ubao na kutoa alama. Ni kitu kingine mwalimu kumkabidhi mwanafunzi wake roho ya mtu, kisha akageuza uso na kuendelea na kazi yake. Katika nchi iliyotawaliwa kwa fikira kwamba Mwafrika ni wa kuagizwa tu na si wa kuaminiwa, kila upasuaji uliofanyika hivyo ulikuwa unaikanusha fikira hiyo, ingawa hapakuwa na hotuba wala mkutano wa hadhara. Hatusemi kwamba misheni zilikuwa hazina fikira hizo; zilikuwa nazo, na nyingine zilikaa nazo muda mrefu. Tunasema kwamba pumzi ya mgonjwa haikujali rangi ya aliyekuwa akiisikiliza.

Dakta Stirling alifundisha madresa, wauguzi na wakunga. Aliwapata miongoni mwa vijana waliokuwa wamemaliza madarasa machache ya shule za misheni, nao walifundishwa kazini, mchana wakihudumia na jioni wakisoma. Wasichana walikuwa wagumu kupatikana kuliko wavulana, kwa kuwa msichana aliyekwisha kuchezwa unyago alitazamiwa kuolewa, na wazazi hawakuona sababu ya binti yao kukesha usiku akilinda wagonjwa wasio ndugu zake. Hili si jambo la kuwacheka wazee wetu. Kila jamii huwaza hivyo mpaka siku ambapo binti wa kwanza anarudi nyumbani na kumwokoa mama mjamzito wa jirani. Baada ya hapo hoja inakwisha yenyewe.

Uzito wa mafunzo hayo tunauelewa tukikumbuka hali ya nchi nzima. Mwalimu Nyerere mara kwa mara alikumbusha kwamba Waingereza walipoondoka mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Kumi na wawili, kwa nchi yenye ukubwa huu! Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1963. Basi kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baada ya hapo, ni nani aliyeitibu Tanzania ya vijijini? Si wale kumi na wawili. Walikuwa ni madresa, wakunga na wauguzi, na baadaye waganga wasaidizi wa vijijini, watu ambao vyeti vyao vilikuwa vidogo na kazi yao kubwa. Jimbo la Kusini, ambalo serikali ya kikoloni ililitazama zaidi kama mahali pa kupatia vibarua wa mashamba ya mkonge kuliko mahali pa kujenga hospitali, liliwategemea watu hao kupita kiasi.

Mwaka 1949 lilitokea jambo ambalo lingeweza kuiharibu kazi yote ya Lulindi. Dakta Stirling aliihama madhehebu yake na kuingia Kanisa Katoliki. Si kazi yetu hapa kupima dhamiri ya mtu katika jambo la imani, lakini matokeo yake yalikuwa mazito, maana hakuweza tena kubaki katika hospitali ya misheni ya Kianglikana. Baada ya miaka kumi na minne aliiacha hospitali aliyoijenga, akaenda Mnero, katika nchi ya Wamwera upande wa Nachingwea, kwa mapadre na watawa Wabenediktini, akaanza upya. Wakati huo Nachingwea ilikuwa inavuma kwa ule mpango mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza. Matrekta yalikuwa yanang'oa misitu, bandari ya Mtwara na reli yake vilikuwa vinajengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikupatikana. Mpango ulianguka, reli nayo iling'olewa baada ya uhuru, na leo watoto wetu hawajui kwamba gari moshi liliwahi kupita hapa. Hospitali ya Mnero, iliyoanza bila makelele yoyote, iliendelea. Tunaomba radhi kwa wataalamu wa uchumi, lakini hatuwezi kujizuia kuviweka vitu hivi viwili kando kwa kando na kuvitazama.

Tukirudi Lulindi, kuondoka kwake kulikuwa ndiyo mtihani wa ualimu wake. Mpasuaji akiondoka, kisu chake kinaondoka naye. Kama alikuwa mpasuaji tu, wagonjwa wanarudi makwao na nyasi zinaota mlangoni. Huduma ya afya Lulindi haikufa mwaka 1949. Walikuja madaktari wengine, ndiyo, lakini daktari mgeni anayefika leo hajui lugha, hajui njia za vijiji, hajui mgonjwa yupi huficha ugonjwa wake kwa aibu. Wanaojua hayo ni wale aliowakuta wodini.

Mambo yake mengine yanajulikana zaidi, na tutayapita upesi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akaendelea kuwa mbunge hadi 1980. Baada ya uhuru alichukua uraia wa nchi yetu. Alipenda sana uskauti, akawa Skauti Mkuu wa Tanzania. Katika miaka ya 1960 alifanya kazi Kibosho, mlimani Kilimanjaro. Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Waziri wa Afya, naye alishika wadhifa huo hadi 1980.

Katika uwaziri wake tunalo la kusifu na tunalo la kuuliza. Wakati huo zahanati na vituo vya afya vilikuwa vinajengwa vijijini, na mwezi wa Septemba, 1978, mataifa yaliyokutana Alma-Ata yalitangaza kwamba afya ya msingi, iliyo karibu na mwananchi na inayotolewa na watu waliofundishwa kwa kazi hiyo, ndiyo njia ya kuifikisha afya kwa wote. Wengi waliliona tangazo hilo kuwa ni jambo jipya. Mtu aliyeanza kufundisha madresa Lulindi miaka ya 1930 hakuwa na sababu ya kuliona jipya. Kwa upande wa pili, mwaka 1977 ilipitishwa sheria iliyopiga marufuku udaktari binafsi wa kujipatia faida, ingawa hospitali za mashirika ya dini ziliachwa ziendelee. Nia tunaielewa: ilionekana ni aibu mtu kutajirika kwa maumivu ya mwenzake. Lakini hazina ya serikali haikuwa na uwezo wa kulijaza pengo, na katika miaka migumu iliyofuata zahanati nyingi zilibaki na jengo, muuguzi na rafu tupu. Sheria ilirekebishwa mwaka 1991. Waziri aliyekuwapo hawezi kuepushwa na hesabu hiyo, na hatudhani kwamba heshima ya marehemu inapungua tukilisema.

Aliandika vitabu. Kile cha mwaka 1947, Bush Doctor, kwa jina lake kilimwita daktari wa porini. Kile cha mwaka 1977 kinaitwa Tanzanian Doctor, yaani daktari Mtanzania. Kati ya majina hayo mawili imo miaka thelathini, na ndani yake mtu amehama kutoka pori la watu wengine kuja kwenye nchi yake. Hatuna la kuongeza juu ya hapo.

Lakini ndipo tunapofikia jambo linalotusumbua. Dakta Stirling aliandika vitabu, kwa hiyo Dakta Stirling atakumbukwa. Wanahistoria wa ng'ambo watamsoma, na majina ya Lulindi na Mnero yatatajwa kwa sababu yake. Wanafunzi wake hawakuandika. Wale wa kwanza, waliodondosha etha kabla ya Vita Kuu ya Pili, wamekwisha kutangulia. Wale waliofundishwa Mnero katika miaka ya 1950, walio hai ni wazee sana, na kila masika inaondoka na mmoja wao. Vyeti vyao viko katika masanduku ya bati, chini ya vitanda, pamoja na hati za mashamba na kadi za chama. Madaftari waliyoandikia masomo ya mifupa na ya uzazi, kwa Kiswahili na kwa mwandiko wa kalamu ya wino, mengine yamekwisha kuwa chakula cha mchwa, na mengine yamefungiwa karanga.

Mji wetu wa Mtwara una mfano wake wa namna ya kumkumbuka daktari. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO iliendesha hapa hospitali ya kuwatibu majeruhi waliovushwa mto, na hospitali hiyo ilipewa jina la Dakta Américo Boavida, daktari Mwangola wa chama cha MPLA aliyeuawa na majeshi ya Kireno mwaka 1968. Watu waliokuwa vitani, wasio na fedha wala nafasi, walipata wasaa wa kulitunza jina la marehemu katika kazi ileile aliyoifia. Majeruhi aliyefunguliwa bendeji pale alilisikia jina hilo kila siku, wala hakuhitaji kuelezwa lilikuwa la nani.

Hatudai kwamba Dakta Stirling ajengewe sanamu. Leo Kanda ya Kusini inayo hospitali yake ya rufaa, pale Mitengo, Mtwara, yenye majengo ambayo mtu wa Lulindi ya 1935 asingeweza hata kuyaota. Tunafurahi, na tunayo haki ya kufurahi, kwa kuwa kwa muda mrefu mgonjwa wetu mwenye ugonjwa mkubwa alisafirishwa hadi Dar es Salaam, na wengine waliishia njiani. Matende na mabusha, magonjwa yaliyowafanya watu wa pwani yetu kujificha majumbani kwa fedheha, sasa yanakingwa kwa dawa zinazogawiwa mitaani, na mabusha yanapasuliwa katika hospitali zetu wenyewe. Vijana wanaofanya kazi hizo wamesoma vyuoni, wana shahada. Wengi wao hawajui kwamba katika mkoa huuhuu kazi ya kumlaza mgonjwa usingizi ilianza kwa mkono wa kijana wa darasa la sita aliyetoka kupalilia mihogo.

Kwa hiyo tunalo ombi, nalo ni dogo. Yeyote ambaye baba yake, mama yake, bibi au babu yake alifundishwa kazi ya uuguzi Lulindi au Mnero, alifungue sanduku. Akikuta cheti, picha au daftari, asilitupe. Akionyeshe kwa walimu wa shule ya jirani au kwa waganga wa hospitali ya wilaya, kinakiliwe. Na kama mzee mwenyewe bado yupo, aketi naye jioni moja na kumwuliza: mlikuwa wangapi, nani alikuwa akikaa kichwani mwa mgonjwa, na mlijuaje kwamba matone yametosha? Majibu ayaandike pamoja na majina yote matatu ya mzee, jina la kijiji chake, na mwaka alioanza kazi.